Tharaka Imekalia Ukweli

Ukitaka kudharauliwa hapa Embu, sema unafanya kazi ya data. Mama wa kioski ninakonunua maziwa alisikia hiyo habari akaniomba nimuuzie bando ya shilingi ishirini. Nikamweleza ni data ile nyingine, ya wakulima wa makadamia, ya kuhesabu. Akaniangalia kwa huruma. Akaniuliza kama wananilipa. Ningekuwa na jibu ningempa.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna watu fulani, siwataji, bado wana pesa yangu. Walituma vijana na simu zao wazunguke Embu, Meru na Tharaka kuuliza wakulima wana miti mingapi, wanavuna kiasi gani, broka aliwapa ngapi kwa kilo. Unajua vile makadamia imetuzungusha. Tangu 2009 sheria ilikataza kupeleka nje nati ambazo hazijabanguliwa, halafu 2023 ikielekea kuisha serikali ikaufungua huo mlango kwa mwaka mmoja, na kila mtu mwenye mti akawa na maoni. Sasa hawa watu wanataka maoni yageuke nambari. Nani ageuze? Mimi. Mkulima mmoja anajibu kwa kilo. Mwingine kwa debe. Mwingine anasema gunia na kitu. Hicho kitu ni ngapi? Hakusema. Kijana wa simu hakuuliza. Kwa hiyo mimi nikiwa kwa nyumba yangu, Dallas, si ile ya Marekani, hii yetu ya Embu yenye matope, ndiye natakiwa kujua kitu cha mtu wa Runyenjes ni kilo ngapi.

Na lazima nitumie R. Madam anayenipa hii kazi amesema R ndiyo wafadhili wanapenda, na haina leseni ya kulipia. Hapo kwa kutolipa ndipo alipoongea kwa furaha. Hiyo programu ilianzia New Zealand, Chuo Kikuu cha Auckland, miaka ya tisini mwanzoni, kwa Ross Ihaka na Robert Gentleman. Toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Sasa wewe ona. Kitu kinachagua kutoka tarehe ambayo mwaka ukigeuka haipo tena. Ningesoma hiyo mapema ningeomba kazi ya kupima maziwa kwa dairy.

Shida ya R, haina kabati. Kila kitu ukishakipa jina inakishika palepale kwenye memori, na haikiachilii mpaka uiambie. Laptopu yangu ina GB 4. Ni mtumba wa Uingereza. Kijana aliyeniuzia aliigonga mgongoni akasema, "Mzee, hii ni mashine ya kazi." Hakusema kazi gani. Nikiwasha R feni inaanza kulia hadi jirani wa ploti anabisha kuuliza kama tunasaga mahindi saa hii.

Na vitu vinazaana bana. Unaleta fomu za Meru, unaziita data. Unatoa wale wasio na miti, inakuwa data2. Madam anapiga simu, wale wasio na miti warudi, si hata wao ni wakulima? Inakuwa data_mpya. Anapiga tena. Siku moja nikaandika ls(), hiyo ndiyo ya kuitazama orodha ya vilivyomo, ikanitemea hivi: asdf, data, data_final, data_final_kabisa, data_mpya, data_ya_madam, data_ya_madam_kweli, data2, jaribu, jaribu_ingine, x, xx. Hiyo asdf sijui ni ya nani. Hii laptopu naitumia peke yangu. Nikaifungua. Ndani kulikuwa na neno moja: ng'ombe.

Ati ufute. Sawa, nifute. Lakini nifute gani? Ile final au ile kabisa? Zote ziko na safu zilezile, tofauti iko mahali fulani chini huko, kwa mkulima mmoja wa Imenti aliyesema ana miti elfu nne na mwingine aliyesema ana nusu mti. Nikifuta ile mbaya nimekwisha, kwa sababu amri ya kufuta, rm, ni katili. Windows ukitupa faili kuna pipa, unaweza kwenda kuchakura. rm haina pipa. Haiulizi una uhakika. Haisemi imemaliza. Unaandika rm(x), unabonyeza, inakaa kimya inakungoja na kale kamshale kake. Umebaki kujiuliza kama imekusikia au imenuna.

Kwa hiyo sikufuta. Jioni nikifunga R inaniuliza kama nataka kuhifadhi kila kitu kilichomo. Mimi nimelelewa vizuri, siwezi kukataa nikiulizwa kwa adabu. Nasema ndiyo. Inatengeneza faili inaitwa .RData, yenye nukta mbele, kwa hivyo kuna mashine zisizoionyesha hata kidogo. Asubuhi nikifungua, vyote vimeketi palepale kama wageni wa matanga waliokosa nauli ya kurudi. Na ng'ombe wangu ndani.

Siku ya kuunganisha fomu za Embu na Meru, R ikagoma. Ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba haiwezi kupata nafasi, nikaona hapo neno vector. Nikampigia kijana wa saiba, yule huwa anatengeneza printa. Akaniambia niandike gc(), itazoa takataka. Nikaandika. Ikatoa kajedwali kenye maneno Ncells na Vcells na nambari ndefu. Nikakasoma kwa heshima. Hakuna kilichobadilika. Nikaandika tena. Nikafanya hiyo ndiyo sala yangu, kabla ya chai gc(), baada ya chai gc(). Baadaye sana ndipo nikaambiwa R hujiitia gc yenyewe bila kuombwa, na kwamba haigusi kitu ambacho bado kina jina. Takataka kwake ni kile kisichoitwa na mtu. Zangu zote zina majina! Hata asdf!

Ndipo washauri wakaanza kuja. Binti ya dada yangu anasomea takwimu hapa Chuo Kikuu cha Embu, huja kwetu wikendi kula. Akatazama skrini bila kuketi. "Anko, si ubonyeze ufagio?" Ufagio gani? Kumbe kwenye RStudio, lile dirisha ninamoandikia R, juu ya ile orodha ya vitu, kuna kapicha ka ufagio. Kadogo, kamechorwa vizuri. Nimekaona tangu nianze hii kazi. Nilidhani ni brashi ya rangi. Unakabonyeza, kanauliza una uhakika, kana hata kisanduku cha kuuliza kama na vile vilivyofichwa viende. Vilivyofichwa? Ndiyo, Anko, chochote ambacho jina lake linaanza na nukta, ls() haikionyeshi. Kwa hiyo pamoja na zile takataka ninazoziona, kuna zingine zimejificha kwangu, nazilipia stima. Nikamwambia aache ufagio kwanza, nitafikiria.

Mshauri wa pili ni rafiki yangu wa Meru, anaishi Makutano, mtu wa takwimu za zamani. Huyu alinionea huruma. "Baite, usisumbuke, nakutumia script yangu, wewe bonyeza tu." Ikaja kwa WhatsApp, faili ya amri zilizopangwa tayari. Nikabonyeza tu. Sikusoma, kwa nini nisome, si nimeambiwa nibonyeze? Mstari wa kwanza ulikuwa rm(list = ls()). Hiyo ndiyo amri ya kutoa kila kinachoonekana, mara moja, bila kuuliza, bila ufagio. Data ya Meru ikaenda. Ya Embu ikaenda. Ya Madam ikaenda, na ile ya Madam kweli. Mstari wa pili ukaiambia R iende ikafanyie kazi kwenye desktop ya rafiki yangu, kwa kompyuta yake, Makutano. R ikatafuta hiyo desktop kwa laptopu yangu ikakosa, ikasimama hapo. Kwa hiyo mimi nimebaki sina vitu na sina pa kwenda. Nikampigia. Akasema kwake inafanya kazi.

Nikaeleza haya kwa warsha moja hapa mjini, ile ya mandazi na chai ya maziwa, nikitaka tu watu wanipe pole. Jamaa mmoja wa Nairobi akacheka hadi akaweka kikombe chini. Akasema huko ndani ya watu wa R kuna mtakwimu anaitwa Jenny Bryan, na mwaka wa 2017 alitangaza hadharani kwamba mtu ambaye script yake inaanza kwa rm(list = ls()), atamwendea ofisini na kuitia moto kompyuta yake. Na huyo wa kutaja desktop yake ndani ya script? Huyo naye, moto uleule. Nikapiga hesabu. Rafiki yangu anastahili kuchomewa mara mbili. Lakini script sasa iko kwa laptopu yangu, kwa hiyo itakayochomwa ni ya kwangu. Ndivyo mambo yangu huenda.

Nikauliza ubaya uko wapi, si inasafisha? Jamaa akasema haisafishi, inakudanganya umesafisha. Inatoa vitu ulivyovipa majina. Lakini vifurushi ulivyopakia bado viko. Mipangilio uliyobadilisha bado iko. Vyenye nukta mbele viko. Unaangalia orodha, imekuwa tupu, unajiona msafi, na uchafu umekuzunguka. Halafu ukimtumia mwenzako, vitu vyake vinaenda. Hapo nikainua mkono. Mwenzako ni mimi. Cha kufanya, akasema, ni kuizima R na kuiwasha upya. Ctrl, Shift na F10, basi. Na uende kwenye mipangilio uikataze kuhifadhi na kurudisha hiyo .RData.

Sikuikataza. Nielewe. Siku ile ya script ya Makutano ni hiyo .RData iliyoniokoa. Nilifunga R, ikaniuliza nihifadhi, kwa mara ya kwanza nikasema hapana, nikafungua tena, na faili ya jana yake ikanirudishia ukoo mzima. Ningeanzaje kuifukuza? Nilitaka kuinunulia soda.

Kumbe ilirudi na kitu.

Madam aliitisha wastani wa bei kwa kila kaunti. Kazi rahisi. Kuna amri inaitwa mean, unaipa bei inakupa wastani. Ila kuna wakulima hawakusema bei, wengine wanadhani sisi ni watu wa ushuru, na R ikikuta jibu moja tu limekosekana inakataa kuwapa wengine wote wastani wao. Inaandika NA. Kwa hiyo unaongeza na.rm = T, maana yake waliokosa waachwe, kweli, na hiyo T ndiyo kweli. Nimeitumia hiyo tangu mwanzo. Siku hiyo, Embu: NA. Meru: NA. Nikaanzisha laptopu upya. NA. Nikasema gc(). NA. Nikatuma vilevile, nikidhani labda Madam anajua ni bei gani hiyo. Akasoma kwa mkutano, kwa projekta, mbele ya wakulima kutoka Manyatta. Mzee mmoja akauliza NA ni shilingi ngapi. Mwingine akasema hata broka wake hulipa hivyo hivyo.

Jumamosi binti ya dada akaja kula. Hakutazama hesabu zangu hata. Aliandika herufi moja tu, T, akabonyeza. R ikajibu: 0.

"Anko, T ni nini?"

T ni Tharaka. Si wazi? Nilikuwa na E ya Embu, M ya Meru, T ya Tharaka, idadi ya fomu zilizofika. Embu na Meru zilikuwa zimefika. Tharaka nikaweka sifuri, maana yule kijana wetu wa Marimanti alikuwa hajatumiwa nauli, na hata angetumiwa, huko chini kwenye joto ni ndengu, mtama na uwele. Makadamia inataka baridi ya juu huku. Kwa hiyo T <- 0. Mtu mwenye akili timamu angeweka nini?

Akashika kichwa. Ikawa nimefundishwa kwa nyumba yangu, mbele ya watoto wangu. R ina TRUE, neno zima, na hilo haligusiki, ukijaribu kulipa maana nyingine inakufokea. Halafu ina T, kifupi chake, ambacho hakina ulinzi wowote. Yeyote anaweza kukikalia. Nilipoandika T ni sifuri, R haikusema kitu. Na sifuri kwake ni uongo. Kwa hiyo kila nilipoandika waache waliokosa, kweli, ilisoma waache waliokosa, uongo. Kila asubuhi nikifungua, .RData inairudisha T palepale ilipokuwa. Hiyo ndiyo niliyotaka kuinunulia soda.

"Tharaka imekalia ukweli," binti akasema.

Sasa mke wangu ni wa Tharaka. Alikuwa jikoni. Sikuwa nimefikiria hilo.

"Imekalia nini?"

"Si hivyo, Anti," binti akasema haraka, "tunaitoa tu."

Nani hujibu hivyo? Mke wangu akatoka na mwiko. Hawana makadamia, ndiyo, lakini ndengu ninayokula hapa kila Jumanne inatoka wapi? Iliota Dallas? Na kwenye sensa ya 2019 Tharaka-Nithi ilikuwa na watu 393,177, hao wote mimi nimewaandika sifuri? Sijui hiyo nambari aliitoa wapi. Nilijaribu kumweleza ni fomu, si watu. Unajua vile maelezo huenda ukiwa umeketi na mtu amesimama na mwiko.

Binti akaandika rm(T). Kimya. Akaandika T tena. Ikatoka TRUE. Eti rm iliondoa ya kwangu tu. Ile ya R iko kwake ndani, ilikuwa imefunikwa muda huo wote. Wastani ukatoka, Embu, Meru, nambari safi zenye desimali. Akaniuliza kama pia ninayo F. Ninayo. F ya fomu. Hakusema kitu, aliitoa tu, akaniangalia vile mama wa kioski aliniangalia.

Halafu akasafisha vyote. Bei akaiweka kando kwenye faili yake kwa saveRDS, halafu akaiambia R iondoe kila kitu isipokuwa bei, kwa setdiff sijui nini. Akanikataza ile njia ya kuondoa kwa kufanana majina, maana ukiiambia vyote vyenye "bei" inabeba hata ile uliyotaka ibaki. Akaingia mipangilio, akaikataza .RData. Akaniambia hata kuna R-Instat, ya kubonyeza menyu, bila kuandika amri, na watu wa African Maths Initiative wa hapa Kenya walikuwa na mkono ndani yake, nijaribu hiyo. Nikampigia Madam. Madam anataka amri zimeandikwa, mfadhili azione. Asdf ilienda pia. Nilikuwa nimeizoea.

Jumatatu shemeji akapiga kutoka Marimanti. Habari zilikuwa zimefika, na zilikuwa zimenenepa njiani: nimefuta Tharaka kwa kompyuta. Shemeji akasema kwa sauti ya baraza kwamba kijana wa fomu amepata nauli, kwa mfuko wake yeye shemeji, na tayari amewapata wakulima wa kwanza wenye miti ya makadamia huko huko kwao, na nitamlipa nauli hiyo. Fomu zikaja kweli. Binti akanielekeza kwa simu jinsi ya kuziingiza, akaniambia safari hii niipe jina kamili, Anko, lisilofanana na kitu chochote cha R. Tukaliandika pamoja, yeye akitaja herufi, mimi nikibonyeza. Tharaka.

Jioni mke wangu akataka kuziona hizo fomu za kwao. Akavuta kiti kabisa. Nikamwambia kaa hapo uone, nikaandika tharaka, nikabonyeza kwa fahari.

Mimi naandika hivyo tu, herufi ndogo, nani ana muda wa kushika Shift? Nyekundu ikatoka. Kitu 'tharaka' hakijapatikana.

"Inasema nini?" mke wangu akauliza.

Anajua Kiingereza kuniliko.